Safari ya Marangu, na Kata ya Babu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Siku ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Machi, sisi wanafunzi thelathini na wanane wa Kidato cha Nne, tukiongozwa na mwalimu wetu wa Historia pamoja na patroni wa bweni, tuliondoka shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda kuona makumbusho ya Wachagga huko Marangu. Mhariri wa gazeti hili aliniomba niandike habari za safari hiyo kwa sababu, alisema, mimi ni mtu wa huko milimani na bila shaka nitayajua mambo. Nimeziandika. Lakini namwomba radhi mhariri, na wewe msomaji pia, kwa kuwa habari za safari zimechanganyika na habari zangu mwenyewe, nami nilipojaribu kuzitenga sikuweza.

Hatukwenda Marangu moja kwa moja. Kwa kuwa siku zile zilikuwa karibu na tarehe 2 Machi, mwalimu alitaka kwanza tupite Old Moshi tukauone mti alionyongewa Mangi Meli. Basi letu lilipoacha barabara kuu pale Kiboriloni na kuanza kupanda, Kibo ilikuwa wazi kabisa, haina hata wingu moja, na wenzetu wa Lindi na Mtwara wakasongamana madirishani kana kwamba hawajapata kuiona. Sisi wa huku tuliwacheka kidogo. Lakini nami niliiangalia kwa muda mrefu, maana ukiwa bwenini na vitabu vya mtihani huikumbuki.

Mti ule ni mgunga wa kawaida. Mtu asiyejua habari zake angeweza kukaa chini yake akala muwa wake akaenda zake. Tulisimama tukiuzunguka, na mwalimu akatusimulia. Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi, yule ambaye wageni walimwita Mandara, aliyefariki mwaka 1891. Meli alirithi kiti akiwa bado kijana sana, na mwaka 1892 askari wake waliwashinda Wajerumani, hata kiongozi wao, von Bülow, akafa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa zaidi, wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga, yeye na wenzake kumi na wanane, Mangi Molelia wa Kibosho akiwa mmoja wao, kwa kushtakiwa kwamba walikuwa wakipanga kuwapiga Wajerumani. Watu wa Old Moshi wamesimuliana tangu siku ile kwamba kichwa cha Mangi Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Mwenzetu mmoja akauliza, "Mwalimu, kichwa cha mtu kinawafaa nini?"

Mwalimu akajibu kwamba miaka ile walikuwako wataalamu waliokusanya mafuvu ya watu wa nchi zote, wakayapima kwa vyombo na kuyaandika namba, wakidhani kwa vipimo hivyo watajua daraja la kila kabila duniani. Mmoja wao alikuwa Felix von Luschan wa Berlin, ambaye alikusanya maelfu. Elimu ile baadaye ilionekana kuwa si elimu, lakini mafuvu yalibaki katika masanduku. Mjukuu wa Mangi Meli, Mzee Isaria Meli, alikitafuta kichwa cha babu yake kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 2018 alitoa mate yake yapimwe vinasaba. Mwaka 2019 yalifunguliwa maonyesho ya habari za Mangi Meli katika jengo la mahakama ya zamani hapo hapo Old Moshi. Kisha mwezi wa Septemba mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayotunza mafuvu hayo ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake: mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki yalikuwa yamechunguzwa, na 202 kati yake yalitoka nchi yetu. Matatu yalionekana kuwa ni ya watu ambao jamaa zao wako hai hapa Kilimanjaro, na mmoja wao alikuwa mshauri wa Mangi Meli mwenyewe. Lakini la Mangi Meli halikuonekana.

Hapo kijana mmoja wa Songea, ambaye kwa kawaida hasemi sana, akatukumbusha kwamba wao nao wanakitafuta kichwa cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, na kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwao katika makumbusho ya Maji Maji akaomba msamaha. Mwalimu akamuuliza, "Na ninyi mlimjibuje?" Akasema yeye siku ile alikuwa shuleni, ila bibi yake alisema kuomba msamaha ni vizuri, lakini mtu huja nao akiwa ameshika kitu mkononi.

Maneno yale yalinichoma, nami nilijua kwa nini. Msomaji atajua mbele.

Tukateremka tena mpaka barabara kuu, tukapita Himo, tukakata kushoto kuelekea Marangu. Njiani tuliimba mpaka sauti zikatukauka. Patroni alitununulia ndizi pale Himo, jambo ambalo lilinichekesha, maana kununua ndizi Himo na kwenda kuzila Marangu ni sawa na kwenda kisimani na ndoo iliyojaa.

Kwenye makumbusho tulipokelewa na mzee mmoja aliyevaa kofia ya sufi na makoti mawili, ingawa jua lilikuwa kali. Alitusalimu, "Shimbonyi!" na wale wachache tulioweza kuitikia tukaitikia kwa sauti kubwa ili wenzetu wasikie. Akauliza kila mmoja anatoka wapi. Aliposikia kuwa wengine wanatoka Shinyanga, Kigoma na Lindi, akasema, "Basi leo nitasema Kiswahili. Lakini ninyi wa kwetu msijifiche nyuma, nitawauliza."

Kitu cha kwanza alichotuonyesha ni nyumba. Ni msonge ulioezekwa kwa nyasi tangu kilele mpaka chini, hauna dirisha, na mlango wake ni mfupi hata patroni wetu, ambaye ni mtu mnene na mrefu, aliingia kinyumenyume, sijui kwa nini. Ndani ni giza mpaka macho yazoee. Upande mmoja ni mahali pa ng'ombe na mbuzi, upande wa pili kitanda, katikati mafiga, na juu dari ya miti ya kuwekea kuni na ndizi zikaushwe na moshi. Watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Rafiki yangu wa Shinyanga alistaajabu sana. Akasema, "Mzee, kwetu mtu ana ng'ombe mia moja. Nyumba yake ingekuwa na ukubwa gani?" Mzee akacheka. Akaeleza kwamba huku milimani ardhi ni kihamba, na kihamba ni kidogo. Ng'ombe hawendi malishoni. Huletewa majani, na samadi yao hurudi kwenye migomba. Mwenye ng'ombe watatu alikuwa mtu mwenye mali. Tena ng'ombe akilala ndani haibiwi, na pumzi yake hupasha nyumba joto.

Mimi nyumba kama ile sikupata kulala, maana ya kwetu Mwika ilibomolewa kabla sijazaliwa, tukajengewa ya matofali na mabati. Lakini harufu yake naijua. Ni harufu ya jiko la Bibi.

Alituonyesha majembe ya mti, ngao za ngozi, mizinga ya nyuki, na mikuki yenye kichwa kirefu. Alieleza kuwa wahunzi wetu walinunua chuma kutoka kwa Wapare, ambao ndio waliojua kukiyeyusha kutoka kwenye udongo. Jambo hili liliwafurahisha mno Wapare wawili wa darasa letu, nao hawajaacha kulisema mpaka leo. Akaeleza pia habari za mfongo, yaani mifereji iliyotoa maji korongoni na kuyapeleka kihambani, na jinsi kila ukoo ulivyokuwa na siku yake ya maji. Kwetu mfongo mmoja ungali unatiririka, lakini maji yake siku hizi hayafiki kwa jirani wa chini, na kuna kesi.

Kisha akasema habari za fimbo iitwayo mregho. Ilikuwa imechongwa alama nyingi, na kila alama ilikuwa somo. Vijana waliotahiriwa walikalishwa mbele ya mzee, naye akaipitia fimbo alama kwa alama akiwafundisha jinsi mtoto anavyoumbwa, jinsi ya kuishi na mke, na jinsi ya kuwaheshimu wazazi. Mwalimu akaongeza kwamba mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kukaa Old Moshi miaka mingi, aliyaandika mafundisho ya namna hiyo katika vitabu vitatu vikubwa. Nikauliza kama vitabu hivyo vimo katika maktaba ya shule. Mwalimu akasema vimeandikwa kwa Kijerumani. Mambo waliyofundishwa babu za babu yangu usiku kando ya moto yamehifadhiwa, lakini yamehifadhiwa kwa lugha nisiyoweza kuisoma! Sikulipenda neno hilo, wala silipendi sasa.

Tukafika kwenye vyombo vya mbege. Mzee alituambia jinsi ndizi mbivu zinavyopikwa na kuachwa siku kadhaa, jinsi ulezi unavyooteshwa, kukaushwa na kusagwa, na jinsi magome ya msesewe yanavyotiwa ili kuleta uchungu. (Wazazi wasiwe na wasiwasi, tulipewa habari tu, hatukuonjeshwa.) Akasema anayekaribisha hunywa kwanza, ili mgeni aone kuwa hakutiwa sumu. Kisha akaelekeza kidole ukutani. "Na hizi ni kata. Nani kwao wanayo?"

Nilipoinua macho, moyo ulinidunda. Ukutani ilitungikwa kata ya kibuyu, nyeusi kwa moshi na mafuta ya mikono, na pembeni ilikuwa na ufa ulioshonwa.

Sasa sina budi kueleza. Babu yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa na kata yake ya mbege ambayo mtu mwingine hakuinywea. Siku moja ilianguka ikapata ufa, naye hakuitupa. Alitoboa matundu madogo kwa sindano iliyotiwa motoni, akaishona kwa uzi wa katani kama mtu anayeshona kiatu. Mishono ilikuwa saba. Najua hesabu hiyo kwa sababu nilipokuwa mdogo alinipakata, akanifundisha kuhesabu kwa kidole changu juu ya mishono ile, na kwa muda mrefu nilidhani hesabu ya dunia inaishia saba. Alipokufa, kata ilitungikwa jikoni kwa Bibi, na kila Krismasi, ukoo unapokutana, hujazwa kwanza, mbege ikamiminwa kidogo penye masale kwa ajili yake, ndipo watu wengine wanywe.

Mwezi wa Desemba uliopita alikuja mtu mwenye pikipiki, akipita nyumba kwa nyumba na kuuliza vitu vya zamani: vigoda, mikuki, vibuyu, kengele za ng'ombe. Alisema vinauzwa kwa watalii. Bibi alikuwa sokoni. Nilimwuzia kata kwa shilingi 12,000. Hakuniomba mara mbili. Mimi ndiye niliyeingia jikoni nikaitoa. Nilimwambia hata habari ya mishono, na alipoisikia aliongeza shilingi 2,000. Siku ya pili nilikwenda soko la Memorial mjini Moshi nikanunua njumu za mpira.

Siku ya mkusanyiko baba zangu wakubwa na wadogo walikuwa wamefika kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko. Bibi aliingia jikoni kuchukua kata, akakawia. Alipotoka mikono yake ilikuwa mitupu. Ikatafutwa darini, ikatafutwa chini ya vitanda, ikatafutwa hata katika banda la ng'ombe. Mwishowe walichukua bilauri ya kioo, na baba yangu mkubwa akamimina kwa hiyo. Kisha watu wakaanza kumtazama kijana aliyekuwa akitukatia majani ya ng'ombe. Alitoka mkoa wa Singida, naye alikuwa amekaa kwetu mwaka mmoja na nusu. Hakuna aliyemwita mwizi. Lakini aliulizwa mara tatu na watu watatu, na mara ya tatu hakujibu neno. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nikiwa nimevaa njumu zangu. Tarehe 3 Januari aliaga, akaondoka.

Basi nilipoiona kata ile ukutani niliwasukuma wenzangu, nikasogea mpaka karibu, nikaanza kuhesabu. Mishono ilikuwa kumi na mmoja, tena si ya uzi bali ya waya mwembamba wa shaba. Haikuwa ya kwetu. Sikujua kama nifurahi au nisikitike. Kama ingekuwa yetu ningejua ilipo, lakini pia ningalazimika kusema hapo hapo mbele ya wote.

"Umeijua?" mzee akaniuliza.

Nikamwuliza imetoka wapi. Akasema ililetwa na mama mmoja wa pale Marangu. Alikuja nayo mwenyewe ndani ya kikapu, akasema wanawe wako mbali hawaihitaji, ni afadhali itazamwe kuliko iliwe na mchwa. Hata siku hizi akipita huingia kuiangalia.

Nikamwuliza tena, kwa sauti ya chini, "Mzee, na kama kitu kama hiki kiliuzwa kwa wafanyabiashara wa watalii, chaweza kupatikana?"

Alinitazama. Nadhani alifahamu. Akasema, "Mwanangu, hao walioandika namba juu ya vichwa vya watu wanatafuta wasione. Kata haina namba."

Wenzangu wakasogea mbele na ziara ikaendelea. Nje penye ua alituonyesha mmea wa isale, ambao kila mtoto wa mlimani anaujua, maana ndio mpaka wa vihamba vyote. Aliwaeleza wenzetu kwamba mtu aliyekosa akimpelekea aliyemkosea jani la isale lililofungwa fundo, si desturi kulikataa. Hilo nililijua. Nililokuwa silijui ni kwamba zamani, mtu mzima alipokufa, alizikwa ndani ya nyumba, na baada ya muda kupita fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa kihambani penye masale, awe karibu na watoto wake. "Ndiyo maana," alisema, "mkisikia habari za kichwa cha Mangi Meli msifikiri ni habari ya mfupa. Hakuna mahali pa kummiminia." Watu thelathini na wanane waliokuwa wakitafuna miwa waliacha kutafuna.

Kuhusu mapango sitasema mengi. Ni njia zilizochimbwa chini ya ardhi ili watu na mifugo wajifiche wakati wa vita, hasa Wamasai walipokuja kuteka ng'ombe, na mna vyumba vya watu na vya mifugo. Mlinzi alikaa na rungu mahali ambapo adui hana budi kuingia akiwa ameinama, kichwa mbele. Tulitambaa humo kwa tochi, mwenzetu mmoja akapiga kelele kwa sababu ya popo ambaye hakuna mwingine aliyemwona. Patroni alibaki juu, akasema atatulindia viatu.

Njiani kurudi mwalimu alitueleza juu ya Makumbusho ya Kijiji yaliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1967, ambako zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali pamoja na ya kwetu. Wenzetu wa Dar es Salaam walikiri kwamba jina Makumbusho wanalijua kama kituo cha daladala, nao hawajapata kuingia. Wengine walilala. Mimi sikulala.

Likizo fupi ilipofika nilikwenda nyumbani. Nilikata jani la isale mpakani kabla sijafika mlangoni, nikalifunga fundo, nikaingia jikoni. Bibi alikuwa akimenya ndizi za mtori. Nikasema, "Shikamoo, Bibi," nikapiga magoti nikamnyoshea jani kwa mikono miwili. Aliitikia salamu, lakini jani hakulipokea. Aliendelea kumenya. Nikamweleza yote kama nilivyokuelezeni ninyi, pamoja na zile shilingi 2,000 za nyongeza.

Bibi yangu huniita "mume wangu", kama bibi wote walivyo. Siku ile aliniita kwa jina langu la ubatizo.

"Fedha hizo ulinunulia nini?"

"Viatu vya mpira, Bibi."

"Vinakutosha?"

"Vinanibana."

Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akafuta kisu chake kwa kanga. Akasema, "Kata ni kibuyu. Mbegu ninazo, nitapanda, kitaota, nacho kitakuwa cheusi nikiwa nimeshakufa. Lakini mtoto wa watu simpandi akaota. Mimi nilimhesabia vijiko vyangu." Akanyamaza kwa muda mrefu. Mtori ukaanza kuchemka. "Jani hilo mpelekee yeye kwanza. La kwangu nitalipokea utakaporudi."

Tulipata habari kwa jirani kwamba yule kijana anafanya kazi katika mashamba ya mpunga huko Chekereni. Siku iliyofuata niliteremka mjini, nikaziuza njumu zangu pale pale nilikozinunua. Nikapewa shilingi 7,000. Niliyemwuzia alisema zina harufu, nami sikubishana naye. Nikapanda gari la Chekereni.

Nilimkuta tutani, ameinama anang'oa majani katikati ya mpunga, maji yamemfika magotini. Ananizidi umri kwa miaka miwili. Nikamwita "Kaka," akainuka, akanitambua, akatoka majini polepole. Nikamnyoshea jani. Akaligeuza huku na huku, akaniuliza, "La ng'ombe?"

Katika mambo yote niliyoyafikiri usiku ule, hilo sikulifikiri. Kwao Singida jani hilo halina maana hiyo. Kwa mwaka mmoja na nusu alikata majani kwetu, na masale aliyajua kuwa ni ua tu. Ikanibidi nimweleze jani ni nini, ndipo nimweleze sababu ya jani, tena nimesimama juani na watu wengine wanasikiliza. Nilipomaliza nikampa zile shilingi 7,000. Alizihesabu. Akasema anadai pia ujira wa siku tatu za mwezi wa Januari, ambazo aliona haya kuziomba siku ile. Nikasema nitamwambia Bibi. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Jani alilichomeka katika kofia yake ili mikono iwe wazi, akarudi majini.

Nilipokuwa nimekwisha kufika barabarani aliniita. Alisema nimwambie Bibi kwamba yule ndama mweusi asipewe majani yenye umande, tumbo humvimba, na huyo waliyemwajiri sasa pengine hajui.

Niliporudi Mwika giza lilikuwa limekwisha kuingia. Bibi alilipokea jani langu la pili, akalichomeka ukutani juu ya mafiga, pale pale ilipokuwa kata. Nikamweleza habari ya ujira wa siku tatu, naye akanipa fedha zile kutoka katika ncha ya kanga yake nimpelekee yule kijana siku nitakayopita mjini kurudi shuleni, nami nikampelekea. Asubuhi nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye mfongo, akasema, "Nenda, mume wangu, usikose gari."

Lakini kwa mambo hayo yote nilisahau kumwambia habari ya ndama. Nilikumbuka nikiwa bwenini, usiku, baada ya taa kuzimwa. Kwa kuwa simu haturuhusiwi kuwa nazo, nimemwandikia barua, na mwalimu wa zamu amenikubalia ipelekwe na mwenzetu wa kutwa anayekaa Himo. Humo nimemwomba pia ruhusa ya kuandika mambo haya katika gazeti. Majibu yake yalikuja kwa mkono wa binamu yangu, aliyemwandikia: niandike, ila nisiseme kwamba alicheka, na ndama yu mzima.